Linda Richards: Muuguzi aliyefichwa majina ya dawa

Katika vituo vya afya vya Wilaya ya Kicukiro, mjini Kigali, kuanzia Gikondo hadi Gahanga na Masaka, mtu anayempokea mgonjwa, kumsikiliza na kumkabidhi dawa mara nyingi ni muuguzi. Kabla ya kutoa kidonge au kuchoma sindano, husoma agizo lililoandikwa, hulinganisha jina la mgonjwa na jina la dawa, hupima kiasi, kisha huandika saa na kutia saini. Utaratibu huo umezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaojiuliza ulianzia wapi.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika maisha ya mwanamke wa Kimarekani, Linda Richards, aliyezaliwa mwaka 1841 na kufariki dunia mwaka 1930. Anakumbukwa kama muuguzi wa kwanza kuhitimu katika shule ya uuguzi nchini Marekani. Lakini urithi wake unaomgusa mgonjwa moja kwa moja ni kumbukumbu ya maandishi inayowekwa kwa kila mgonjwa, ili yale anayotakiwa kupewa na yale aliyokwisha kupewa yasitegemee kumbukumbu ya kichwa cha mtu.

Utoto uliozungukwa na maradhi

Linda Richards alizaliwa tarehe 27 Julai 1841 karibu na mji wa Potsdam, katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mhubiri. Familia ilihamia Wisconsin, na huko baba akafariki kwa kifua kikuu binti yake akiwa bado mdogo. Mjane na watoto wakarudi mashariki, kwa jamaa zao wa Vermont. Miaka michache baadaye mama naye akashikwa na ugonjwa huo huo. Linda ndiye aliyemuuguza hadi alipofariki mwaka 1854, na yeye hakuwa amefikisha umri wa miaka 14.

Akawa mwalimu, lakini majirani walikuwa wamekwisha kumjua kama mtu wa kuitwa panapokuwa na mgonjwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka, mchumba wake, George Poole, alijiunga na jeshi na kurejea akiwa na majeraha ambayo hayakupona. Linda alimhudumia kwa miaka kadhaa, hadi Poole alipofariki mwaka 1869. Hakuolewa tena.

Baada ya msiba huo alihamia Boston na kupata kazi katika hospitali ya jiji. Alichokiona kilimkatisha tamaa. Wauguzi wa wakati ule hawakuwa na mafunzo yoyote. Wengi walihesabiwa kama watumishi wa usafi, na wagonjwa walihudumiwa kwa kubahatisha. Hakudumu zaidi ya miezi mitatu. Aliondoka akiwa na azma ya kutafuta mahali ambapo uuguzi ungefundishwa kama taaluma.

Chupa zenye namba bila majina

Mahali hapo palipatikana mwaka 1872. Hospitali ya wanawake na watoto ya New England, iliyokuwa Boston na ikiendeshwa na madaktari wanawake, ilifungua mafunzo ya uuguzi chini ya Daktari Susan Dimock. Linda Richards alikuwa wa kwanza kujiandikisha, na mwaka 1873 akawa wa kwanza kukabidhiwa cheti cha kuhitimu.

Mafunzo hayo yalikuwa magumu. Siku ya kazi ilianza saa 11 na nusu alfajiri na kwisha saa 3 usiku. Wanafunzi walilala karibu na wadi ili waweze kuitwa usiku wagonjwa wao walipowahitaji. Hapakuwa na vitabu vya kiada, na mihadhara ilikuwa michache.

Lakini jambo moja lilimkaa moyoni hata akalieleza katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa mwaka 1911: wauguzi hawakuruhusiwa kujua majina ya dawa walizowapa wagonjwa. Chupa hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu. Muuguzi aliagizwa kutoa dawa ya namba fulani kwa mgonjwa fulani, naye akatii.

Katika mazingira ya zama hizo, mpango huo ulionekana kuwa na mantiki yake. Elimu ya dawa ilihesabiwa kuwa mali ya daktari, na muuguzi alitakiwa kuwa mkono wake tu. Wengi waliamini kwamba muuguzi akijua mengi atajichukulia madaraka ya tiba.

Hatari yake, hata hivyo, ilikuwa kubwa. Karne ya 19 ilikuwa zama za afyuni, mofini na dawa zenye zebaki, ambazo tofauti kati ya kipimo cha kuponya na kipimo cha kuua ni ndogo. Mtayarishaji wa dawa akikosea namba, au chupa mbili zikibadilishana nafasi kwenye rafu, muuguzi hakuwa na njia yoyote ya kugundua kosa. Mgonjwa akianza kusinzia kupita kiasi au kupumua kwa shida, muuguzi hakuweza kuihusisha hali hiyo na dawa aliyoitoa saa moja kabla. Macho yaliyokuwa karibu zaidi na kitanda yalikuwa yamefungwa kitambaa.

Zamu ya usiku Bellevue

Baada ya kuhitimu, Richards alikwenda New York kuwa msimamizi wa zamu ya usiku katika Hospitali ya Bellevue. Shule ya uuguzi ilikuwa imefunguliwa hapo mwaka huo huo wa 1873, ikifuata misingi iliyowekwa London na Florence Nightingale. Bellevue ilikuwa hospitali kubwa ya umma, iliyojaa maskini wa jiji hilo.

Desturi ilikuwa wauguzi kupeana taarifa kwa mdomo wakati wa kukabidhiana zamu. Muuguzi aliyechoka baada ya saa nyingi za kazi alimweleza mwenzake aliyekumbuka, na yale aliyosahau yalipotea. Aliyepewa dawa saa 8 usiku angeweza kupewa tena alfajiri, na aliyerukwa angeweza kurukwa mara ya pili.

Richards alianza kuandika. Maelezo kuhusu hali ya mgonjwa, mabadiliko yaliyoonekana usiku na huduma aliyopewa yaliwekwa kwenye karatasi ili asomaye asubuhi ayakute. Hatua hiyo haikuanza kama mageuzi yaliyotangazwa. Ilitokana na mahitaji ya kazi yenyewe. Madaktari walipoona faida ya maelezo hayo, wakayataka. Kumbukumbu za kila mgonjwa na maagizo yaliyoandikwa vikawa sehemu ya utaratibu wa hospitali, na mpango huo ukaenea katika hospitali nyingine ndani na nje ya Marekani.

Karatasi hiyo ilibadili mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, agizo la daktari liliacha kuwa sauti inayopotea hewani na kuwa maandishi yanayoweza kusomwa na kuhojiwa. Pili, muuguzi naye akawa shahidi aliyeacha ushahidi wa alichokifanya na alichokiona. Mtu anayetakiwa kuandika alichompa mgonjwa hana budi kujua amempa nini.

Mwalimu wa walimu

Mwaka 1874 Richards alirudi Boston kuongoza shule ya uuguzi iliyohusishwa na Hospitali Kuu ya Massachusetts. Baadhi ya madaktari walikuwa na shaka kama wauguzi waliosoma walihitajika kabisa. Aliuimarisha mpango wa masomo na kuthibitisha, kwa matokeo yaliyoonekana wadini, kwamba mafunzo yanafaa.

Mwalimu wake, Susan Dimock, hakuishi kuyaona matunda hayo yote. Alifariki mwezi Mei mwaka 1875, meli ya Schiller aliyosafiria ilipozama karibu na visiwa vya Scilly, Uingereza.

Mwaka 1877 Richards mwenyewe alivuka bahari kwenda Uingereza na Scotland kujifunza zaidi. Alitembelea hospitali za St Thomas' na King's College mjini London na hospitali kuu ya Edinburgh, akakutana pia na Florence Nightingale. Aliporejea, alisimamia shule ya uuguzi katika hospitali ile ile ya jiji la Boston ambayo miaka michache awali ilimvunja moyo.

Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Japan. Kuanzia mwaka 1886 hadi 1890 alifanya kazi Kyoto, ambako aliongoza shule ya uuguzi ya Doshisha, mojawapo ya shule za kwanza za aina hiyo nchini humo. Alifika akiwa hajui lugha ya wenyeji, katika kazi ambayo agizo lisiloeleweka laweza kugharimu maisha.

Changamoto ya lugha haikuwa ya Japan peke yake. Mwaka 1897 muuguzi Mwingereza, Katharine Timpson, aliwasili Uganda pamoja na Daktari Albert Cook, aliyekuja kuwa mume wake, katika msafara ulioanzisha Hospitali ya Mengo. Baadaye wawili hao waliandika kitabu cha ukunga kwa lugha ya Kiganda, ili wakunga waliokuwa wakifundishwa wasome kwa lugha wanayoielewa.

Aliporudi Marekani, Richards aliendelea kuanzisha na kurekebisha shule za uuguzi, na miaka yake ya mwisho kazini aliitumia katika hospitali za wagonjwa wa akili, ambako aliamini kwamba wagonjwa wanastahili uangalizi sawa na ule wa wanaougua mwili. Mwaka 1894 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wakuu wa shule za uuguzi nchini humo. Alistaafu mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 70. Alipata kiharusi mwaka 1923 na kufariki mjini Boston tarehe 16 Aprili 1930.

Kutoka kutii hadi kuhoji

Karatasi ya Bellevue imekua na kuwa kanuni zinazofundishwa kwa wauguzi kote duniani. Maarufu zaidi ni mambo matano ambayo muuguzi huyahakiki kabla ya kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi.

Agizo lililokamilika huwa na jina la mgonjwa, tarehe, jina la dawa, kipimo, njia ya kuitoa, idadi ya mara kwa siku na saini ya aliyeagiza. Likikosa kimojawapo, au mwandiko usiposomeka, muuguzi hatakiwi kukisia, humrudia aliyeandika. Agizo la mdomo hukubaliwa katika dharura tu, na anayelipokea hulirudia kwa sauti kabla ya kulitekeleza, kisha likaandikwa. Dawa zenye hatari kubwa, kama vile insulini, heparini na potasiamu ya kuingizwa kwenye mshipa, huhakikiwa na watu wawili. Saini hutiwa baada ya mgonjwa kupata dawa, kamwe si kabla.

Hata alama ndogo ina uzito wake. Nusu ya miligramu huandikwa 0.5, sifuri ikitangulia, kwa sababu nukta isipoonekana mgonjwa anaweza kupewa miligramu 5, yaani mara 10 ya kiasi kinachotakiwa.

Tatizo halijakwisha. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizindua kampeni ya dawa bila madhara, likilenga kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukwa. Shirika hilo lilikadiria kwamba makosa ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 kwa mwaka. Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 17 Septemba, iliwekwa chini ya mada hiyo mwaka 2022.

Nchini Rwanda mzigo huo unabebwa kwa kiasi kikubwa na wauguzi. Vituo vya afya, ambavyo ndivyo lango la kwanza la matibabu, huendeshwa hasa na wao, na daktari hupatikana zaidi kwenye hospitali. Mwaka 2005 ulianza mpango wa majaribio katika vituo 3 vya vijijini, ambapo wauguzi waliopewa mafunzo waliwaandikia wagonjwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi chini ya uangalizi wa madaktari. Matokeo yalikuwa mazuri, na njia hiyo ikapanuliwa hadi vituo vingine nchini.

Mabadiliko hayo yameleta wajibu mpya. Muuguzi wa Kicukiro husoma maandishi ya Kiingereza au Kifaransa kwenye boksi la dawa, kisha humweleza mgonjwa kwa Kinyarwanda idadi ya vidonge, saa za kumeza na dalili za kumrudisha kituoni haraka. Asipoelewa anachokishika mkononi, maelezo hayo yote hayana msingi.

Linda Richards alianza kazi akiwa mkono usioruhusiwa kuuliza. Leo muuguzi anayesita mbele ya agizo lenye utata, akaweka sindano chini na kumtafuta daktari, hahesabiwi kuwa mkaidi. Anatimiza wajibu ambao wanafunzi wa kwanza wa Boston, waliopewa chupa zenye namba, hawakuwa na uwezo wa kuutimiza.