César Roux, mganga aliyeacha operesheni yake mwenyewe

Kila mwaka, watu wengi duniani wanapasuliwa tumbo ili kupunguza unene uliopita kiasi. Moja kati ya operesheni zinazotumika sana inabeba jina la mganga wa Uswisi, César Roux. Yeye hakuwahi kumpasua mtu kwa sababu ya unene.

Roux alizaliwa mwaka 1857 katika kijiji cha Mont-la-Ville, jimbo la Vaud. Alisomea udaktari mjini Bern, akawa msaidizi wa Theodor Kocher, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mwaka 1890 Roux alikuwa profesa wa upasuaji mjini Lausanne.

Wakati ule, wagonjwa wengi walifika wakiwa wamekonda sana. Uvimbe au kovu la kidonda lilikuwa limeziba mlango wa chini wa mfuko wa chakula, na kila walichokula walikitapika. Waganga waliunganisha utumbo mdogo na mfuko huo ili chakula kipate njia nyingine, lakini mara nyingi nyongo ilirudi juu na kutapika kukaendelea.

Roux alitumia njia ambayo wengine walikuwa wameigusa kabla yake. Alikata utumbo mdogo, akapandisha sehemu ya chini hadi kwenye mfuko wa chakula. Ile sehemu ya juu, inayoleta nyongo, akaishona mbali zaidi upande wa chini. Umbo lake ni kama herufi Y. Nyongo haikurudi tena.

Lakini baada ya muda, shida nyingine ilijitokeza. Baadhi ya wagonjwa walipata vidonda pale utumbo uliposhonwa. Mfuko wa chakula ulibaki mzima na uliendelea kutoa asidi nyingi, wakati nyongo inayopunguza ukali wake ilikuwa imepelekwa mbali. Roux aliiacha operesheni hiyo, ingawa ndiyo iliyompa sifa.

Hakuacha kutafuta. Mwaka 1907 alitumia kipande cha utumbo kumtengenezea mtoto njia mpya ya kupitisha chakula. Mwaka 1926 aliondoa uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, na mgonjwa akapona. Alifariki Lausanne mwaka 1934.

Miaka zaidi ya thelathini baadaye, huko Iowa, Marekani, mganga Edward Mason aliona kwamba watu waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda walibaki wembamba. Mwaka 1966, pamoja na Chikashi Ito, alianza kuwapasua watu wanene. Nyongo ikawasumbua hao pia, na mwaka 1977 waganga wengine wa Marekani wakairudisha Y ya Roux. Safari hii chakula kinaingia katika kifuko kidogo kinachotoa asidi kidogo, kwa hiyo vidonda vinapungua.

Matokeo ya miaka mingi yanajulikana. Nchini Sweden, utafiti ulioanza mwaka 1987 ulifuata watu 2,010 waliopasuliwa kwa njia mbalimbali na 2,037 wasiopasuliwa. Baada ya karibu miaka 11, walikuwa wamekufa 101 kati ya waliopasuliwa na 129 kati ya wengine. Miaka 10 baada ya operesheni, waliopitishiwa chakula njia ya mkato walikuwa bado wamepungua karibu robo ya uzito wao.

Hata hivyo, kisu hakimalizi kazi. Baada ya operesheni mwili haufyonzi vizuri chuma, kalsiamu na vitamini B12, kwa hiyo mgonjwa anapaswa kumeza vidonge na kupimwa damu maisha yake yote. Uzito unaweza kurudi. Na vile vidonda vilivyomshinda Roux bado vinawapata baadhi, hasa wavuta sigara na wanaotumia sana dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Ndiyo maana aliyepasuliwa haachi kumwona mganga, hata miaka kumi ikipita na mwili ukiwa mwepesi.