Aliyetumwa, Hakufika

Jumapili iliyopita tulifundishwa neno la Kiyunani apostello, yaani kutuma. Baada ya ibada ndugu mmoja akaniuliza pale nje kama mtume ni cheo ama ni kazi. Sikumjibu vizuri. Wengi wenu mnajua mimi nilitumwa upande wa Mbeere kuanzisha ushirika, na baada ya miaka miwili nikafunga mlango, nikarudi Embu na viti vya plastiki juu ya pikapu. Wako waliosema kumbe huyu hakutumwa na Mungu. Ilinichoma.

Apostello ni kumtuma mtu kwa niaba yako, abebe mamlaka yako wala si yake. Kuna neno lingine, pempo, na wahubiri wengine huyatenganisha kabisa haya mawili. Lakini katika Yohana 20:21 yote yamekaa mstari mmoja, kwa hivyo tusijenge ghorofa juu ya tofauti hiyo. Mimi hunigusa zaidi Wafilipi 2:25. Pale Paulo anamwita Epafrodito mtume wao, na huyo hakuwa na cheo chochote tunachokijua. Alipeleka msaada kwa mfungwa, akaugua karibu kufa.

Sasa nimkumbuke Johann Ludwig Krapf. Shuleni tulimjua kwa jambo moja tu, kwamba tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya na theluji yake, na wasomi wa Ulaya wakamcheka. Si hapo ninapotaka kukaa.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, mtoto wa mkulima. Shirika la CMS la Uingereza lilimtuma Uhabeshi, akafika 1837, na mwaka uliofuata akafukuzwa. Akajaribu tena kupitia Shewa, moyo wake ukiwa kwa Waoromo. Alipotoka 1842, njia ya kurudi ikafungwa. Basi akazunguka kwa bahari hadi Mombasa mwaka 1844, akifikiri atawafikia Waoromo kutoka kusini. Hakuwafikia kamwe.

Mwaka huohuo wa 1844, mwezi wa Julai, mke wake Rosine akafa kwa homa, na binti yao mchanga akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa hiyohiyo. Hebu fikiria, mpendwa, mtu hata hajapata mwongofu mmoja, tayari ana kaburi. Akawaandikia waliomtuma kwamba lile kaburi ni dalili kuwa vita vimeanza. Halafu akaendelea na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, kazi aliyoianza na Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka 1850.

Mwaka 1851 ndio ulimleta karibu na sisi. Alisafiri na Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, kuelekea mto Tana. Ng'ambo ya mto ni Mbeere, na juu yake Embu. Kabla hawajavuka, wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini. Kiu ikamsukuma hadi mtoni, akanywa, akajaza maji ndani ya mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akageuka nyuma. Watu wa Kivoi walimlaumu kwa kifo kile, ikabidi awatoroke usiku. Kwa hivyo alikunywa maji ya Tana, lakini kwetu hakuingia.

Mwaka 1853 akarudi Ulaya, afya imeharibika. Ukimpima kwa hesabu ya watu, utasema ni bure. Lakini mwaka 1862 alirudi kwa muda mfupi akiwaongoza wamisionari wa Methodisti, wakaanza kituo cha Ribe, kule pwani. Ni Wamethodisti walewale waliofika Meru, pale Kaaga, mwaka 1912. Na CMS, waliomtuma yeye, walifungua Kigari, hapa Embu, mwaka 1910.

Hayo yote hakuyaona. Alikufa Korntal, Ujerumani, Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Kigari ilikuwa bado miaka 29 mbele, na yeye hata jina la Kigari hakulijua.

Vile viti bado viko stoo ya kanisa. Wamama watatu waliobaki kule Mbeere wamekuwa wakikutana kila Alhamisi nyumbani kwa mmoja wao, na mmoja alinipigia simu juzi kuuliza kama tunaweza kuwarudishia hata sita tu. Nimemwomba mchungaji ruhusa. Kama kuna mwenye pikapu Jumamosi hii, tuonane baada ya ibada.