Koch wa Wollstein na Koch wa Ssese

Kila ninapomsikia kijana aliyehitimu mikrobiolojia akilalamika kwamba kupelekwa maabara ya wilaya ni kuzikwa angali hai, namkumbuka Robert Koch.

Mjerumani huyo alizaliwa mwaka wa 1843 katika mji wa migodi wa Clausthal. Alisomea udaktari Göttingen, akahitimu mwaka wa 1866. Uprofesa hakuupata. Alihangaikia riziki mji baada ya mji, na mwaka wa 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Poland.

Hapo hapakuwa na maktaba wala wataalamu wenzake. Palikuwa na kimeta, kilichoua mifugo ya wakulima. Koch aliweka hadubini nyumbani mwake, akawachanja panya kwa vijiti vilivyochovywa katika damu ya mifugo iliyokufa, kisha akavikuza viini vya kimeta katika majimaji ya jicho la ng'ombe. Aliviona vikigeuka kuwa mbegu ngumu ziwezazo kudumu udongoni miaka mingi; kumbe ndiyo sababu malisho yaliendelea kuua hata mizoga ilipokwisha kuondolewa! Mwaka wa 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn kazi hiyo. Baada ya miaka 4 akaitwa Berlin. Mwaka wa 1882 alitangaza kiini cha kifua kikuu, na mwaka wa 1905 akatunukiwa Nobel.

Hata hivyo, nasikitika kwamba wanafunzi wetu husimuliwa nusu hiyo tu. Mwaka wa 1890 Koch alitangaza kwa pupa tiba ya kifua kikuu, tuberkulini, nayo haikuponya. Kisha mwaka wa 1906 alifika visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, ambako malale yalikuwa yakiangamiza watu. Aliwadunga mamia ya wagonjwa Atoxyl, dawa yenye aseniki. Wengi walipata nafuu ya muda. Alipoongeza kipimo, baadhi yao wakapofuka, wasione tena. Subira aliyowapa panya wa Wollstein hakuwapa binadamu hao, ambao chini ya utawala wa kikoloni hawakuwa na wa kuwatetea.

Aliondoka Afrika Mashariki mwaka wa 1907, akafariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.