Schumann: Kidole kilimgomea, mkewe akampigia piano

Robert Schumann ametunga baadhi ya muziki wa piano unaopigwa zaidi duniani. Kumbe mwenyewe hakuwahi kuwa nyota wa jukwaani. Aliyeufikisha muziki wake kwa watu ni mkewe, Clara.

Schumann alizaliwa Juni 8, 1810 mjini Zwickau, Ujerumani, kwa baba muuza vitabu. Baba alipofariki, mama akataka kijana asome sheria apate kazi ya uhakika. Akaenda Leipzig, ila moyo ulikuwa kwenye piano. Mwaka 1830 akaacha sheria na kuhamia nyumbani kwa mwalimu wake, Friedrich Wieck.

Ndoto ikakatika mapema. Akiwa na miaka 22 tu, kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa hakimtii tena. Alikuwa akitumia kifaa cha kuimarisha vidole. Wapo wanaokilaumu kifaa hicho, wapo wanaosema ni ugonjwa, na ubishi haujaisha hadi leo.

Basi akakomaa na kalamu. Hadi 1839 alitunga karibu piano tupu: Carnaval, Kreisleriana aliyomtunukia Chopin, na Kinderszenen ya 1838, vipande 13 vifupi kuhusu utoto. Kimoja, Träumerei, ni cha dakika chache na hakina mbwembwe. Hata mwanafunzi anaweza kukipiga, lakini kukipiga mpaka msikilizaji anyamaze ni shughuli nyingine kabisa.

Wakati huo alishampenda Clara, binti wa mwalimu wake, aliyekuwa akijaza kumbi tangu utotoni. Mzee Wieck akakataa katakata, akidai jamaa ni mlevi na hana kipato. Wapenzi wakaenda mahakamani, wakashinda. Walifunga ndoa Septemba 12, 1840, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Mwaka huohuo Schumann alitunga nyimbo zaidi ya 100.

Ila afya ya akili ilimsumbua miaka mingi. Februari 1854, akiwa Düsseldorf, alijitupa mto Rhine, akaokolewa. Mwenyewe aliomba apelekwe hospitali, akalazwa Endenich, karibu na Bonn. Clara, aliyekuwa na mimba ya mtoto wa nane, alizuiwa kumwona kwa zaidi ya miaka miwili. Aliruhusiwa siku mbili tu kabla ya kifo. Schumann alifariki Julai 29, 1856, akiwa na miaka 46.

Clara akabaki na watoto saba wa kulisha. Akarudi barabarani, mji hadi mji, nchi hadi nchi, na kazi za Robert zikiwa kwenye ratiba yake. Alipiga hadharani hadi 1891, huku akisimamia uchapishaji wa kazi zote za mumewe. Alifariki 1896, akazikwa Bonn, kando ya Robert.