Agner Erlang, mwanahisabati wa foleni

Gari dogo litokalo Rohero kuelekea Bugarama kwa Barabara ya Taifa Nambari 1 halichelewi kukwama nyuma ya lori. Mlima huanza karibu na mji, malori hupanda polepole, na waendesha baiskeli huyashikilia kwa nyuma ili wavutwe. Je, njia maalumu ya malori ingefaa mahali kama hapo? Wahandisi hulijaribu swali la namna hiyo kwenye kompyuta kabla ya kumwaga lami, na hesabu wanazozitegemea zilianzia kwenye nyaya za simu.

Agner Krarup Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 kijijini Lønborg, Denmark, akiwa mwana wa mwalimu. Alihitimu Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1901, akafundisha shule kwa miaka kadhaa, na mwaka 1908 akaajiriwa na kampuni ya simu ya mji huo. Alitakiwa kujua ni nyaya ngapi zingetosha ili wapigaji wasisubiri mno, wala kampuni isigharamie nyaya zisizotumika. Msomi huyo alishuka pia kwenye mashimo ya nyaya barabarani kupima umeme, mfanyakazi akimfuata na ngazi.

Mwaka 1909 alionyesha kwamba simu zinazopigwa bila mpangilio zina kanuni yake. Mwaka 1917 akatoa fomula za kusubiri, na humo ndimo lilimo jambo linalomgusa dereva. Njia ikiwa na nafasi, gari moja zaidi halisumbui. Ikikaribia kujaa, magari machache tu huirefusha foleni kupita kiasi. Kwa hiyo programu za leo huingiza magari ya kubuni kwa nasibu kwenye barabara za kuingilia barabara kuu, ili ionekane foleni inaanzia wapi. Zinaweza kuonyesha pia kwamba kuyatengea malori njia si dawa ya kila mahali. Malori yakiwa machache, njia hiyo hubaki tupu huku magari mengine yakibanana kando yake. Penye mlima, ambapo lori moja huburuza msururu mzima, matokeo huwa mengine.

Erlang hakuoa. Alipenda vitabu, na wenye shida walimjua kwa ukarimu. Alifariki tarehe 3 Februari 1929, akiwa na umri wa miaka 51, baada ya kupasuliwa tumbo. Mwaka 1946 jina lake likafanywa kipimo cha kimataifa cha wingi wa mawasiliano ya simu.