Gilbert Lewis: Mwanakemia wa Mali ya Shirika

Sisi tunaoishi Maskati tunakunywa maji yaliyotoka baharini. Tangu kiwanda cha Ghubrah kilipoanza kazi mwaka 1976, mji huu umekuwa ukitumia nishati nyingi kuyatoa chumvi maji ya bahari. Kwa nini chumvi na maji ni vigumu kuachana? Jawabu linaanzia kwa Mmarekani mmoja, Gilbert Newton Lewis.

Lewis alizaliwa Massachusetts mwaka 1875, akakulia Nebraska, na masomo ya utotoni alifundishwa nyumbani na wazazi wake. Alipata udaktari Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1899. Mwaka 1904 alikwenda Manila, Ufilipino, kusimamia ofisi ya mizani na vipimo, na mwaka 1912 akahamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Makala yake ya mwaka 1916 ndiyo iliyobadilisha kemia. Alieleza kuwa atomu mbili hushikana kwa kumiliki pamoja jozi ya elektroni. Ni kama ndugu wawili wenye kisima cha shirika: hakuna anayeweza kuondoka na fungu lake. Alieleza pia kuwa shirika hilo si lazima liwe sawa kwa sawa.

Tuyatazame maji. Oksijeni ina jozi nne za elektroni: mbili inashirikiana na hidrojeni mbili, na mbili imebaki nazo peke yake. Jozi hizo husukumana, ndiyo maana molekuli ya maji imepinda kwa nyuzi zipatazo 104.5. Oksijeni huvutia elektroni zaidi kwake, hivyo upande wake huwa hasi kidogo na upande wa hidrojeni huwa chanya kidogo. Upande mmoja huzizingira chembe za sodiamu, wa pili zile za kloridi. Chumvi ikishayeyuka, kuitoa ni gharama.

Neno kovalenti halikutoka kwa Lewis. Lilitungwa mwaka 1919 na Irving Langmuir, aliyeieneza nadharia hiyo kwa ufasaha hata watu wakaanza kuihusisha naye. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa utafiti mwingine. Lewis alipendekezwa zaidi ya mara 35, wala hakuipata, ijapokuwa mwaka 1933 alikuwa wa mwanzo kutenga maji mazito yaliyo safi. Wanafunzi wake, akiwemo Harold Urey na Glenn Seaborg, waliipata. Yeye alifariki maabarani Berkeley tarehe 23 Machi 1946, akiwa na umri wa miaka 70.

Nukta alizobuni kuonesha elektroni bado zinachorwa madarasani, Maskati na Unguja. Watoto wetu wengi huzikariri kwa lugha ya kigeni bila kujua zinasema nini. Tuwaeleze kwa Kiswahili: kila nukta mbili zilizo kati ya atomu mbili ni mali ya shirika.