Alexander Mackay, mtu aliyemtolea Mungu nyundo yake



Mara nyingi katika enterna tunasikia watu wakisema kwamba fulani amepewa zawadi na Mungu kwa sababu anajua kuhubiri, na fulani kwa sababu sauti yake inasikilika vizuri katika kwaya. Na wale wanaojua kutengeneza kiti, kushona viatu ao kufanya hesabu, wao wanajiona kama watu wa nyuma katika kazi ya Bwana. Juu ya ile, katika namba hii tumechagua maisha ya mtu mmoja ambaye hakuwa pasteri hata siku moja. Alikuwa fundi wa mashini. Lakini mtu akitaka kueleza namna Injili ilivyoingia Uganda, anapashwa kutaja jina lake.

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, inchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, na ni yeye aliyemfundisha masomo nyumbani. Mtoto alikuwa na akili nyingi, lakini kidogo kidogo akaanza kuacha vitabu na kwenda kusimama kwa mhunzi, kuangalia moto na chuma. Siku zingine alitembea kwa miguu mpaka stesheni kusudi aone mashini ya treni kwa dakika chache tu, kisha akarudi tena kwa miguu. Baba yake, ambaye alipenda mwana wake afuate kazi ya uchungaji, hakufurahi sana. Kumbe Mungu alikuwa akimtayarisha katika njia ingine.

Alipokuwa kijana alisoma kwanza ualimu pale Edinburgh, halafu akajifunza kazi ya mashini, darasani na katika ateliye. Mwaka wa 1873 akaenda Berlin, inchi ya Ujeremani, kutumika katika kampuni ya mashini. Pale alipanda mpaka akawa mkuu wa sehemu ya mashini za treni. Alikuwa na mshahara mzuri na heshima, na njia ilikuwa wazi mbele yake. Lakini ndani ya moyo alikuwa na swali: mikono hii Mungu alinipa kwa kazi gani? Hakufikiri kwamba anapashwa kuacha nyundo kwanza ndipo amtumikie Mungu. Alitaka kwenda Afrika pamoja na nyundo yake.

Mwezi wa Novemba 1875, gazeti moja la London lilichapa barua ya Stanley, msafiri yule ambaye baadaye alipita katika inchi yetu kwa mto Kongo. Stanley alikuwa amefika kwa Mutesa, mfalme wa Buganda. Katika barua aliomba Wakristo waende kule, lakini si watu wa kusema tu. Aliomba watu wanaoweza kufundisha, kuponya wagonjwa, kujenga nyumba, kulima, na kushika kazi yoyote kwa mikono. Mackay akajitoa kwa shirika la misioni la Kanisa la Uingereza. Tarehe 27 Aprili 1876 akapanda meli, yeye pamoja na wenzake, jumla watu 8. Yeye alikuwa mdogo kupita wote.

Safari ile ilikuwa ya machozi. Mmoja wao, mjenzi, alikufa mwaka ule ule wa 1876. Mwaka wa 1877 daktari wao alikufa kando ya ziwa Victoria, na mwezi wa Desemba wengine wawili waliuawa kwenye kisiwa cha Ukerewe. Mackay mwenyewe alishikwa na homa kali njiani, akarudishwa pwani. Mtu mwingine angesema: Mungu amefunga mlango. Yeye akakamata shoka. Mwaka wa 1877 alikata barabara toka Saadani, pwani, mpaka Mpwapwa, karibu kilometa 370, katika pori na matope, kusudi mizigo ya misioni ipite.

Alipofika Kageye, kusini ya ziwa, mwaka wa 1878, alikuta mizigo ya wenzake imetupwa ovyo, vyuma vimeshikwa na kutu, na mashua yao, jina lake Daisy, imeharibika. Akaketi chini, akachagua kipande kimoja kimoja, akatengeneza. Kisha akapanda mashua ile na mwenzake Wilson kuvuka ziwa. Dhoruba ikawatupa ngambo ya mangaribi, mashua ikavunjika tena. Mbao za kuongeza hazikuwapo. Alifanya nini? Alikata sehemu ya katikati ya mashua, akatumia mbao zile kuziba mbele na nyuma, halafu akaunganisha vipande viwili. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea. Tarehe 6 Novemba 1878 akafika Rubaga, mji wa mfalme.

Pale Buganda alifungua ateliye. Alijenga, alifua chuma, alichimba kisima na kupandisha maji kwa pompi, mpaka watu wakashangaa na kufikiri ni uchawi. Aliwaeleza kwamba si uchawi, ni kazi tu, na akawaonyesha namna inavyotumika. Watu walimwita Mzungu wa Kazi. Kwa kuwa watu wengi wa nyumba ya mfalme walisikia Kiswahili, alianza kuwasomea maandiko kwa Kiswahili, huku akijifunza Kiganda. Vitabu havikuwapo. Akachonga herufi kwa mti, moja moja, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma. Vijana walikuja wengi katika ateliye. Mmoja akishika chuma, mwingine akisoma, na wote wakiuliza maswali juu ya Yesu. Waganda wakaanza kuwaita waamini kwa jina la wasomaji.

Tuangalie jambo moja. Tarehe 18 Machi 1882 Waganda watano wa kwanza wa misioni ile walibatizwa. Mackay aliwafundisha kwa muda mrefu, lakini si yeye aliyewabatiza, kwa sababu hakuwa mchungaji. Mwenzake ndiye aliyewatia maji. Hatusikii kwamba Mackay aliona wivu. Alirudi kwa kazi yake.

Mwaka ule ule mama wa mfalme alikufa. Mutesa alitaka sanduku la kumzika ambalo halijaonekana katika inchi, na akamwomba Mackay. Basi yeye pamoja na wahunzi wa mfalme walitumika siku nyingi, wakatengeneza masanduku matatu, moja ndani ya lingine. La katikati lilikuwa la shaba, na lile la inje lilikuwa kubwa sana kama chumba. Labda wewe utauliza: kazi ya namna hii ni ya Mungu? Mackay aliifanya kwa moyo wote na bila udanganyifu, sawa na vile alivyochapa maandiko. Lakini tusidanganyane, kazi yake nzuri haikununua moyo wa mfalme. Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884 bila kubatizwa.

Na tusimfanye Mackay kuwa malaika. Alikuwa mtu mkali katika mabishano. Mapadri Wakatoliki walipofika mwaka wa 1879, yeye na wao walibishana mbele ya mfalme, na jambo hili liliwachanganya Waganda. Zawadi ya mikono alikuwa nayo, lakini zawadi ya uvumilivu alipashwa kuiomba kila siku kama sisi.

Kisha ikaja saa ya giza. Mfalme mpya, Mwanga, aliogopa wazungu na dini yao. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu waliokuwa wakisoma ku misioni, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Noa Serwanga, walichomwa moto. Mackay aliomba kwa nguvu waachiliwe, hakusikiwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule askofu Hannington aliuawa katika inchi ya Busoga. Mwezi wa Juni 1886 Wakristo wengi, Waprotestanti na Wakatoliki, waliuawa, na kundi kubwa lilichomwa moto pale Namugongo. Hapa ndipo mtu mwenye zawadi anajua kipimo cha zawadi yake. Mikono iliyotengeneza mashua iliyovunjika haikuweza kuokoa vijana watatu.

Lakini haikukaa bure. Mwanga alimruhusu mwenzake Ashe kuondoka mwaka wa 1886, lakini Mackay alimkatalia, kwa sababu alihitaji fundi. Hivi ufundi wake ukawa kama kamba ya kumfunga, tena ukawa mlango. Alibaki peke yake karibu mwaka mzima, akitumikia mfalme kwa vyuma, na wakati uleule akiendelea kutafsiri na kuchapa Injili ya Matayo kwa Kiganda. Waamini walikuja usiku kwa siri, wakaondoka na karatasi zile chini ya nguo. Mfalme aliweza kuua wasomaji, lakini kitabu kilikuwa tayari katika mikono ya watu.

Mwezi wa Julai 1887 alifukuzwa, akaenda Usambiro, kusini ya ziwa. Pale akaanza tena: kufyatua matofali, kuchapa, kufundisha, kukata mbao za mashua mpya. Mwaka wa 1889 Stanley alifika pale, baada ya kupita katika pori kubwa la Ituri. Alimshauri warudi pamoja Ulaya, maana Mackay alikuwa na miaka 13 bila kuona kwao. Akakataa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Tarehe 8 Februari 1890 akafa kwa homa, akiwa na miaka 40. Hakuoa, hakurudi. Walimzika katika sanduku lililotengenezwa kwa mbao alizokata mwenyewe kwa mashua ile. Mwaka wa 1927 mifupa yake ilipelekwa Namirembe, Uganda.

Yeye hakuona mavuno. Lakini kanisa lile la wasomaji lilitoa walimu wake. Mwaka wa 1896 mmoja wao, Apolo Kivebulaya, alivuka milima akafika Boga, katika Ituri, inchi yetu. Ndugu zetu wa kule walipata neno la Mungu kwa mkono wa Mganda, na Waganda walijifunza kusoma kwa herufi za mti za fundi mmoja.

Ndugu msomaji, katika kitabu cha Kutoka sura ya 31, mtu ambaye Mungu alimjaza Roho kwa kazi ya hema hakuwa mhubiri. Ni Besaleli, fundi wa dhahabu, mawe na mti. Basi usiseme hauna kitu. Kama unajua kushona, shona nguo ya yatima bila kuiba kitambaa. Kama unajua hesabu, shika sanduku la kanisa bila senti kupotea, ao fundisha mdogo wako anayeshindwa. Kama mkono wako ni mzuri, andika barua ya mama asiyejua kusoma. Pengine utafanya vema na bado mambo mengine hayatakuwa sawa, kama Mackay alivyoona. Hata hivyo toa. Mwenye kuhesabu ni Bwana.

Mungu atusaidie sisi wote.

Kamati ya buletini